Ukumbusho Ukutani: Picha za Tshibumba na Swali la Bibi Yangu



Mpendwa msomaji, nilipokuwa likizo nyumbani Muleba niliitwa kwenye kikao cha ukoo. Ajenda zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihusu kibanja cha marehemu bibi, na kinyume cha hofu ya wengi iliisha mapema. Ya pili ilihusu picha, nayo ilitukesha.

Picha yenyewe ni kipande cha mbao nyembamba kilichopakwa rangi za mafuta. Bibi alimwagiza fundi wa mabango wa senta yetu, yule yule anayeandika majina ya maduka na kuchora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi. Ilikuwa mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya MV Bukoba kuzama. Wasomaji wa huku hawahitaji kusimuliwa: meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430 iliondoka Bukoba jioni, ikapitia Kemondo na kujaza watu zaidi na mizigo, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka ikiwa karibu kabisa na Mwanza. Mamia walikufa. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao, na mwili wake haukutambuliwa. Tunaamini yuko Igoma pamoja na wengine wengi waliozikwa pale, lakini hakuna jiwe lenye jina lake.

Bibi aliota ndoto. Alimwona mwanawe anakuja kwa miguu juu ya ziwa kutoka upande wa Mwanza, mkungu wa ndizi kichwani, nguo zake kavu. Alimsimulia fundi, naye akachora hivyo hivyo: meli imelala tumbo juu, na mbele yake kijana anatembea juu ya maji na mkungu wake. Chini, kwa herufi nyekundu, fundi akaandika maneno ambayo bibi alimtajia: BWANA, ULIKUWA WAPI?

Kikaoni baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya, alisema nyumba inayotoa frateri haiwezi kuwa na ukuta unaomhoji Mungu. Shangazi akamjibu kwamba hilo ndilo kaburi pekee walilo nalo la kaka yao. Mwishowe baba mdogo akatoa pendekezo la kati: picha ibaki, maneno yapakwe rangi. Kisha wote wakanigeukia. "Frateri, wewe ndiye unayesoma falsafa. Tuambie."

Sikuwa na jibu, nikaomba muda. Makala hii ni matokeo ya muda huo. Naiandika kwa ajili ya ukoo wangu, lakini nadhani inawafaa na wengine, maana swali ni la wengi: maneno yaliyoandikwa ndani ya picha yana kazi gani? Je, tunaweza kuyafuta na picha ikabaki ile ile?

Maneno na picha si wageni wao kwa wao

Tuanze na kitu kilichomo katika kila nyumba. Kanga ina sehemu tatu: pindo inayoizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi, Kaderdina Hajee Essak, anatajwa sana katika historia ya kanga zenye maneno. Hadi leo alama yake ya K.H.E. na "Mali ya Abdulla" inajulikana na akina mama. Kanga nyingi zilichapwa India kwa ajili ya watu wa pwani yetu, na tunaweza kusema bahari ile ile iliyoleta nguo ilileta pia mazoea ya kusoma kile tunachokivaa.

Angalia kwamba maneno yale hatuyaiti maelezo. Tunayaita jina. Mama anaweza kuwa na kanga mbili zenye mji wa aina moja, na bado zikawa kanga mbili tofauti kabisa: moja ya kumpelekea mkwe, nyingine ya kumfikishia jirani ujumbe asioweza kuutamka. Ukibadilisha jina umebadilisha kanga.

Na sisi Wakristo tuna picha yenye maandishi iliyo kuu kuliko zote. Inua macho kanisani uutazame msalaba. Juu ya kichwa cha Bwana kuna herufi nne, INRI. Mwinjili Yohane (19:19-22) anasimulia kwamba Pilato aliandika anwani hiyo kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, na makuhani wakuu walimwomba aibadilishe maneno. Hawakudai msalaba uondolewe. Kilichowaudhi ni maandishi. Walijua kwamba bila yale maneno, aliyetundikwa pale angeonekana mhalifu tu kama wengine.

Mchoraji wa Lubumbashi

Katika kutafuta jibu nilikutana na mtu ambaye sikuwahi kumsikia darasani, ingawa alisema lugha yetu na aliishi katika nchi ambayo ni jirani zetu. Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa wakati huo Élisabethville, leo Lubumbashi, katika nchi ya migodi ya shaba kusini-mashariki mwa Kongo. Huko Kiswahili kimekuwa lugha ya mgodini, sokoni na nyumbani kwa vizazi kadhaa.

Tshibumba alikuwa mchoraji wa watu wa kawaida. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na wachoraji wa aina yake walitembeza picha nyumba kwa nyumba wakiwauzia wafanyakazi na makarani. Picha hizo zilitundikwa sebuleni. Moja iliyopendwa sana iliitwa Mamba Muntu, kiumbe nusu mwanamke nusu samaki, wa majini na wa ndotoni. Nyingine ilionyesha ua wa gereza wakati wa ukoloni, mfungwa amelazwa chini anachapwa, bendera ya Ubelgiji inapepea, na juu yake maandishi ya Kifaransa yenye maana ya "Koloni la Ubelgiji".

Mtu anaweza kushangaa: nani atundike picha ya kuchapwa viboko mahali anapokaribishia wageni? Lakini fikiria mgeni anaingia, anaketi, anaiona, anauliza. Mwenye nyumba anaanza kusimulia. Baba yake alichapwa hivyo. Kisha wanaanza kuzungumza habari za leo, nani anachapwa na nani anashika fimbo. Chini ya utawala wa Mobutu haikuwa salama kusema kila jambo waziwazi, lakini picha ya zamani ilifungua mlango wa mazungumzo. Maandishi yalitoa neno la kwanza, na yaliyobaki waliyasema waliokuwa sebuleni.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi. Tshibumba alimweleza kwamba anataka kuichora historia yote ya nchi yake. Akaichora: picha 101, kuanzia nyakati za kale, kupitia wakoloni na uhuru, hadi siku zake mwenyewe. Kila alipoleta picha, alikaa na Fabian akaisimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, nayo mazungumzo yakarekodiwa. Fabian aliyachapisha pamoja na picha hizo katika kitabu mwaka 1996. Picha zenyewe leo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023.

Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, Tshibumba hakukubali kuitwa mchoraji tu, bali alijiita mwanahistoria. La pili, historia yake haikuishia katika yaliyokwisha kupita. Mwisho wa mfululizo alichora mambo yajayo, na humo akaiingiza pia ndoto aliyoota. Mwanahistoria wa vitabuni asingethubutu. Lakini msomaji wa Biblia anamfahamu Yosefu mwana wa Yakobo, na anaufahamu ukuta wa Belshaza katika Danieli sura ya 5, ambapo mkono uliandika maneno na mfalme akatetemeka kabla hajajua maana yake. Katika Maandiko Matakatifu, ndoto na maandishi ya ukutani ni mambo yanayohitaji mtu wa kuyafasiri. Hayatupwi.

Damu inayoandika

Picha yake ninayotaka tuitafakari ni ile ya kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, iliyopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa huko Katanga, si mbali na mji alikozaliwa Tshibumba, pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliharibiwa ili pasiwe na kaburi.

Tshibumba aliwachora wote watatu wamelala chini. Nyuma yao, mbali, ipo misalaba mitatu. Ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka, na ikifika ardhini inaandika neno la Kifaransa, unité, yaani umoja. Alipoulizwa, Tshibumba hakuficha nia yake: kwa maoni yake, Lumumba alikuwa kwa nchi yake kama Bwana Yesu.

Hapa mwanafunzi wa seminari lazima asimame kidogo. Mkombozi ni mmoja. Kanisa halijamtangaza Lumumba mtakatifu, na historia ya Afrika ina mifano ya kutosha ya wanasiasa waliovikwa sifa za kimasiya, na wananchi wakalipa gharama. Tukiichukua picha hii kama mafundisho ya imani, tumekosea. Lakini nadhani tunakosea pia tukiitupa. Kufanana si kuwa sawa. Ndiyo maana walimu wetu hutufundisha habari za analojia. Tshibumba alikuwa na kifo mbele yake, kifo cha mtu asiye na kaburi, na akatafuta mahali pa kukielewa. Katika hazina yote ya picha alizozijua, aliona Golgota peke yake ndiyo inayotosha. Hakuuchukua msalaba ili kumtukuza mwanasiasa tu. Aliuchukua kwa sababu bila huo hakuwa na namna ya kusema kwamba damu iliyomwagika haikupotea.

Sasa lifute lile neno. Mpake rangi ya udongo pale damu ilipoandika. Kinachobaki ni maiti tatu na misalaba. Bado ni picha ya huzuni, lakini haituambii tena kwamba kifo kile kilikuwa kwa ajili ya jambo fulani. Katika picha hii damu imegeuka neno, na ukiondoa neno hilo umeigeuza damu kuwa damu tu.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba, lililokuwa limechukuliwa na ofisa wa polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuiharibu miili. Lilizikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huo. Miaka sitini na mmoja watu walikuwa hawana hata jino la kuzika. Katika miaka hiyo kulikuwa na picha sebuleni. Tshibumba mwenyewe hakuiona siku ile. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zimepotea, naye pia hana kaburi linalojulikana.

Neno moja, ukumbusho

Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno lao la kueleza kazi ya picha hizi. Waliziita ukumbusho. Hawakuzipima kwanza kwa uzuri wa mistari. Walipima kama zinakumbusha, kama zinamfanya mtu awaze na kusimulia.

Neno hili sisi tunalisikia karibu na altare kila siku. Bwana alipoumega mkate katika karamu ya mwisho, aliagiza tufanye hivyo kwa ukumbusho wake (Lk 22:19). Kigiriki chake ni anamnesis, na walimu wa liturujia hutuonya tusilielewe kama kumbukumbu ya kichwani tu. Katika Misa lililotendeka linafanywa liwepo mbele yetu. Sisemi kwamba picha ya sebuleni ni sakramenti. Nasema kwamba watu wanaoitumia lugha yetu walijua tayari kwamba kukumbuka ni tendo, linahitaji kitu cha kushika au kutazama, na linahitaji watu zaidi ya mmoja.

Wanafalsafa nao wana neno hapa. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anawashuku wachoraji: seremala anatengeneza kitanda, mchoraji anaiga sura tu ya kitanda, kwa hiyo yuko mbali na ukweli. Lakini Plato huyo huyo, katika Meno, anafundisha kwamba kujifunza ni kukumbuka, na anamwonyesha kijana mtumwa akigundua jiometria kwa kutazama mistari iliyochorwa. Hata kwa Plato, basi, mchoro ulisaidia roho ikumbuke.

Aristotle anakwenda mbele zaidi: roho haifikiri kamwe bila taswira. Mtakatifu Tomaso wa Akwino analichukua jambo hilo na kulifafanua (Summa, sehemu ya kwanza, swali la 84, ibara ya 7). Akili yetu, maadamu tumo katika mwili huu, hairukii ukweli moja kwa moja. Inarudi kwenye taswira hata kwa mambo inayoyajua tayari, na ndiyo sababu tukitaka kumweleweshea mtu jambo tunampa mfano. Bibi yangu hakusoma Tomaso. Lakini alikuwa na jambo zito la kufikiri, na kwa miaka zaidi ya ishirini alilifikiri mbele ya kipande kile cha mbao.

Kanisa limelitetea jambo hili. Karibu mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Sereno, askofu wa Marseille aliyevunja picha kanisani mwake, akimwambia kwamba kile ambacho maandishi ni kwa wanaosoma, picha ni kwa wasiosoma. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha inamwendea yule anayeonyeshwa ndani yake. Shangazi aliposema "hili ndilo kaburi la kaka yetu," alikuwa akisema jambo la Nisea kwa maneno ya Muleba.

Je, swali ni kufuru?

Linabaki swali la baba mdogo, na si la kudharau. Anaogopa kwamba maneno yale yanamshtaki Mungu mbele ya watoto na wageni.

Kwanza, tuwasome Wazaburi. Zaburi nyingi ni za maombolezo, na zinamuuliza Mungu yuko wapi na atanyamaza hadi lini. Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila mstari wa faraja, na bado Kanisa linaisali katika Sala ya Usiku. Bwana wetu mwenyewe msalabani aliuchukua mwanzo wa Zaburi ya 22, ambao ni swali.

Pili, tumsikilize Martha katika Yohane 11. Maneno yake ya kwanza kwa Yesu ni kwamba angalikuwepo, ndugu yake asingalikufa. Hayo ni maneno ya bibi, yamegeuzwa kidogo tu. Yesu hakumkemea. Alizungumza naye, kisha akalia, akaenda kaburini. Na tuzingatie kwamba Martha hakuwaambia majirani maneno hayo. Alimwambia Bwana mwenyewe, baada ya kutoka nyumbani kumlaki. Bibi naye hakuandika "Mungu alikuwa wapi?" kana kwamba anamsema Mungu kwa watu. Aliandika "Bwana, ulikuwa wapi?" Anayesema "wewe" bado anasali.

Jibu langu kwa ukoo

Kwa hiyo nimemwandikia baba mdogo, kwa heshima, kwamba pendekezo lake la kupaka rangi maneno silikubali. Sababu yangu kubwa ni hii. Nimeitazama picha ile tangu utoto nikidhani kwamba maneno yanaieleza picha. Baada ya kukaa na Tshibumba naona sivyo. Maneno chini yanauliza. Picha juu inajibu, kadiri ndoto ya mama ilivyoweza kujibu: kijana anatembea, nguo zake ni kavu, na analeta chakula nyumbani. Yeye hakuandika jibu kwa sababu hakuwa na uhakika nalo wa kutosha kuliandika. Alikuwa na uhakika wa kutosha kuliota. Tukiyafuta maneno, tutabaki na pambo la kijana juu ya maji, jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Wajukuu watauliza ni nani huyu, na hatutakuwa na pa kuanzia.

Nimependekeza jambo moja dogo: picha ihamishwe itundikwe ukuta mmoja na msalaba wa sebuleni, ili maandishi mawili yasomwe pamoja, lile la bibi na lile la herufi nne. Baba mdogo amejibu kwamba atalifikiria. Shangazi amejibu kwamba misumari anayo tayari.

Nawe msomaji, ukiwa mwanaparokia au mwanaseminari mwenzangu, tazama kuta za nyumbani kwenu. Huku Kagera tuna mengi ya kukumbuka: meli ile, vita ya 1978 na 1979, tetemeko la Septemba 2016. Kama kuna picha ya fundi wa mabango yenye maneno yanayokukera, usikimbilie brashi. Kaa chini, mwombe mkubwa wa nyumba akusimulie, na usikilize hadi mwisho.

Bikira Maria, Mama wa Huruma, utuombee.